Shajara ya mradi: Mama na Shangazi wapande meli Singapore

Agosti 2025

Mradi umeanza rasmi. Januari 2026 tunawapeleka Mama na wifi yake, Shangazi wa Tanga, kwenye safari ya meli ya kitalii huko Asia. Wasafiri ni wanne: wazee wawili, mimi, na mdogo wangu anayefanya kazi Nairobi. Fedha zinakusanywa kwenye chama cha familia. Kila mwezi kila mtoto anatuma fungu lake kwa simu, na kaka yetu mkubwa aliyeko Muscat ameahidi kulipa tiketi za ndege za wazee. Ninaandika kila hatua kwa sababu maelezo mengi ya safari hizi yameandikwa kwa ajili ya mwenye pasipoti ya Ulaya au Marekani. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anaanzia mahali pengine kabisa.

Jambo la kwanza ni kuchagua mwezi. Hapo sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa sana, maana kaskazi na kusi ni pepo za msimu zilezile zinazotawala bahari mpaka kule Malaka. Wakati wa kaskazi, mvua kubwa huipiga pwani ya mashariki ya Malaysia. Pwani ya magharibi, ambako Penang iko, hukingwa na milima, na Desemba hadi Februari ndiyo miezi yake mikavu zaidi. Mlango wa Bahari wa Malaka nao umebanwa kati ya nchi kavu na kisiwa cha Sumatra, kwa hiyo mawimbi yake si ya bahari kuu. Kwa mtu kama Shangazi, ambaye hata feri ya Likoni humtia kichefuchefu, hilo si jambo dogo.

Singapore yenyewe mvua haikosekani mwezi wowote. Iko karibu na ikweta kuliko Mombasa, na Desemba na Januari hunyesha sana. Hiyo tutaibeba.

Kisha nikaiweka kalenda ya mwaka mezani. Mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuandama karibu na tarehe 18 au 19 Februari 2026. Mwaka Mpya wa Kichina ni tarehe 17 Februari, na wiki hizo bei za hoteli na vyumba vya meli hupanda huku maduka mengi yakifungwa. Thaipusam, sikukuu kubwa ya Wahindu wa Kitamil, ni tarehe 1 Februari, na umati wake hujaza barabara za Kuala Lumpur na Penang. Tukikwepa yote matatu, na tukiacha msongamano wa mwanzo wa mwaka upite, inabaki wiki ya tatu ya Januari. Tumekubaliana hapo.

Septemba: njia

Kila mtu alikuja na matamanio yake. Mdogo wangu alitaka Phuket, kisiwa cha Thailand. Kaka alisema kama ni Asia basi iwe Japani. Mimi moyo wangu ulikuwa Vietnam. Nikachukua karatasi, upande mmoja nikaandika bandari, upande wa pili nikaandika zinachodai kwa pasipoti zetu: sisi watatu tuna ya Kenya, Shangazi ana ya Tanzania.

Japani inataka viza iliyogongwa kabla ya kuondoka. Vietnam tangu tarehe 15 Agosti 2023 inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, dola 25 kwa kuingia mara moja na dola 50 kwa kuingia mara nyingi, hadi siku 90. Haina ugumu, ila meli zinazokwenda huko kutoka Singapore huchukua siku nyingi zaidi baharini, na bandari ya Phu My iko mbali na jiji la Ho Chi Minh. Ni mwendo mrefu wa basi kwenda, na mwingine kurudi. Thailand inatutaka viza, siku hizi inaombwa kwa mtandao, pamoja na taarifa za benki na cheti cha homa ya manjano. Singapore na Malaysia hazitaki viza kwa ziara fupi, kwa pasipoti zote mbili.

Msafiri wa kwetu alishike hili mapema: kampuni za meli kwa kawaida hudai uwe na viza ya kila nchi ambayo meli itatia nanga, hata kama umeamua kubaki ndani ya meli siku hiyo. Ukikosa moja, unazuiwa bandarini siku ya kupanda, na nauli haikungoji. Ndiyo maana ninasema tusome pasipoti kwanza, picha za fukwe zitasomwa baadaye.

Phuket ilikuwa na kikwazo kingine, na hicho ndicho kilichonifanya nisimame imara. Meli nyingi zinazofika huko hazifungi gatini. Hutia nanga kwenye ghuba ya Patong, halafu abiria wanashushwa kwenye mashua ndogo na kupelekwa ufukweni. Mama magoti yanamsumbua. Kuvuka kutoka kwenye mlango wa meli hadi mashua inayopanda na kushuka na maji, akiwa na fimbo mkononi, ni jambo ambalo sitaki kulijaribu mbali na nyumbani. Juu ya hayo, saa ya Thailand iko nyuma ya Singapore kwa saa moja. Meli ikibaki na saa ya Singapore huku simu ya abiria ikijigeuza yenyewe ifuate saa ya ufukweni, mtu anarudi gatini akidhani amewahi, kumbe meli imekwisha ng'oa nanga.

Mdogo wangu alisikitika, lakini alipoona karatasi alisema, "Dada, Phuket tutakwenda sisi wawili siku nyingine. Hii ni ya Mama." Basi njia ni Singapore, Port Klang (bandari ya Kuala Lumpur), Penang, na kurudi Singapore, siku tano, na gati halisi kila bandari.

Pasipoti ya Mama inakwisha Aprili 2026. Kwa macho ya kawaida bado ni nzima, lakini nchi hizi zinataka iwe na uhai wa angalau miezi sita, na meli nayo inataka hivyo hivyo. Tumeiombea mpya kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, mwezi huu huu, kabla hatujalipia chochote. Mpangilio huo ni wa lazima, maana jina na nambari vinavyoandikwa kwenye tiketi vinatoka kwenye pasipoti atakayosafiria.

Oktoba: vyumba na malipo

Pasipoti mpya imetoka. Vyumba vimelipiwa.

Nilichunguza ramani ya meli sakafu kwa sakafu. Wazee wamepata chumba chenye baraza linalotazama bahari, katikati ya meli na si juu sana, kwa kuwa meli ikiyumba, omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, ndiko kunakopanda na kushuka zaidi, na sakafu za juu huyumba kuliko za chini. Kiko karibu na lifti ila si mlango kwa mlango nayo, wasisumbuliwe na kelele. Mimi na mdogo wangu tumechukua cha ndani kisicho na dirisha, ng'ambo ya ujia huo huo. Tofauti ya bei kati ya vyumba hivi viwili ni kubwa, na fedha ya baraza nimeona iende kwa Mama. Yeye ndiye anayependa kukaa akitazama maji.

Niliuliza pia kuhusu bafu. Vyumba vya kawaida vya meli vina kizingiti kwenye mlango wa bafu, na mtu mwenye magoti mabovu hukwaa hapo usiku. Kampuni imeahidi kuweka kigoda cha kuogea. Chakula cha halali nimekiombea kwa maandishi, na jibu nimelichapisha, liko kwenye faili. Ahadi ya mdomo kwenye simu haifai kwa jambo la chakula cha wazee.

Bei inayotangazwa haina kila kitu. Bakshishi ya wahudumu huongezwa kwenye hesabu ya chumba, na katika meli nyingi ni kama dola 15 hadi 20 kwa mtu kwa siku. Kwa watu wanne kwa malazi manne inakuwa dola 240 hadi 320, ambazo kwa shilingi 129 za Kenya kwa dola ni kati ya Sh 31,000 na Sh 41,000. Nimezitenga sasa hivi kwenye akaunti ya chama, zisije zikamshtua mtu siku ya kushuka. Intaneti ya meli inalipiwa peke yake. Simu zote zitawekwa kwenye hali ya ndege mara tu tukiondoka gatini, maana mtandao wa simu wa katikati ya bahari hupitia setilaiti na gharama yake haina mfano.

Bima ya safari tumekata inayotaja wazi matibabu ndani ya meli na kuhamishwa mgonjwa kutoka baharini hadi hospitali ya nchi kavu. Zahanati ya meli hutoza fedha, na bima ya afya ya nyumbani haifiki huko. Mama ana shinikizo la damu na tumeliandika kwenye fomu bila kuficha, kwa sababu ugonjwa usiotajwa ndio bima huukataa.

Ndege: tunafika Singapore siku mbili kabla ya meli. Sanduku likichelewa kuunganishwa njiani, lina nafasi ya kutukuta hotelini. Likikosa meli, halina pa kutukuta. Hoteli iko Kampong Gelam, karibu na Msikiti wa Sultan, mahali ambapo wazee watapata chakula bila kuuliza uliza.

Novemba: afya

Kenya imo kwenye orodha ya nchi za homa ya manjano, na Singapore inamtaka cheti kila aliyekuwa katika nchi hizo ndani ya siku sita kabla ya kuingia. Mimi na mdogo wangu tumechanjwa mwezi huu. Cheti huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo anayengoja wiki ya mwisho anajifungia mlango mwenyewe.

Kwa wazee palikuwa na wasiwasi. Mtu aliyevuka miaka 60 hachomwi chanjo hii kiholela, kwa sababu madhara makubwa, ingawa ni nadra, humpata zaidi mwenye umri huo. Lazima daktari apime kwanza. Lakini Mama na Shangazi walikwenda Hija miaka mingi iliyopita, na walichanjwa wakati huo. Vile vitabu vya njano vilikuwa kabatini, kimoja kwa Mama na kingine Tanga, vyote vimeandikwa kwamba vilikwisha baada ya miaka kumi. Tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa za afya zinasema chanjo moja ni ya maisha, na hilo linagusa hata vyeti vilivyotolewa zamani. Daktari wa Mama amethibitisha, na hakuna atakayechomwa tena. Nimevifunga vitabu hivyo ndani ya jalada la plastiki pamoja na pasipoti zao. Kama mzee wako amewahi kwenda Makka, tafuta kile kitabu kabla hujampeleka kuchanjwa upya.

Dawa zina sheria zake. Singapore ni wakali mno. Dawa za kikohozi zenye kodeini, baadhi ya dawa za usingizi na za maumivu makali zinahitaji kibali cha mamlaka yao kabla ya kuingia nazo, hata zikiwa za matumizi yako mwenyewe. Tumepitia kila chupa na kila pakiti. Dawa ya maumivu ya Shangazi daktari ameibadilisha kwa isiyohitaji kibali. Zilizobaki zinakwenda ndani ya pakiti zake za dukani zenye jina, pamoja na barua ya daktari ya Kiingereza inayotaja jina la kitabibu la kila dawa na kipimo chake. Tunabeba za siku mara mbili ya safari, nusu kwenye mkoba wa Mama na nusu kwenye begi langu.

Singapore iko mbele yetu kwa saa tano. Kidonge cha Mama cha saa mbili usiku kingekuwa cha saa saba za usiku kule. Daktari amekihamishia asubuhi tangu sasa, mwili uzoee mapema.

Kiti cha magurudumu kimeombwa kwa ndege zote na kwa kituo cha meli. Mama alikataa mwanzoni. Nilimwambia, "Mama, uwanja wa ndege wa Changi ni mkubwa, tutembee robo tu halafu nguvu uziweke kwa Penang." Akakubali.

Desemba: sanduku

Kazi kubwa ya mwezi huu ilifanyika juu ya kitanda cha Mama, nguo zote zimetandazwa, Shangazi amefika kutoka Tanga na mizigo yake.

Kwanza tuliondoa. Chetezo cha Mama hakiendi, wala udi, wala ubani, wala kile kichetezo cha umeme. Meli haitaki kitu chochote chenye moto au cha kupasha moto chumbani: mshumaa, pasi, birika, jiko dogo. Moto ndicho kitu kinachoogopwa kuliko vyote baharini, na kwenye ukaguzi wa bandarini vitu hivi hutolewa sandukuni. Mama anabeba mafuta ya udi kwenye kichupa kidogo, na harufu itabaki nguoni. Achari na kashata za nyumbani zimebaki pia, kwani meli hairuhusu chakula cha kupikwa nyumbani, na forodha za huko zina masharti yake.

Kisha nikapekua mifuko yote, ya ndani na ya nje. Chingamu haiingizwi Singapore tangu 1992. Sigara za umeme zimepigwa marufuku. Tumbaku ya kutafuna hairuhusiwi, na hapo Shangazi alitoa kikopo chake cha tambuu mwenyewe, akakiacha nyumbani mpaka arudi. Na kwa wenzetu wanaotafuna miraa: huko ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria, na sheria zao za dawa za kulevya ni za kutisha. Begi lililowahi kubeba miraa lisafishwe mpaka jani la mwisho, au lisiende kabisa. Begi la kuazima vilevile lipekuliwe, hata kama mwenyewe unamjua vizuri.

Nguo hazikutusumbua. Joto la kule ni la unyevu, jasho haliondoki, na madira ya pamba ambayo wazee wanavaa kila siku ndiyo vazi linalofaa. Leso (khanga) tumeweka kwa wingi. Ni nyepesi, hukauka usiku mmoja, na hufanya kazi ya shuka, ya taulo, ya kujitandia msikitini na ya kujifunika garini. Ndani ya meli, hata hivyo, baridi ya viyoyozi ni kali, hasa ukumbi wa chakula na wa maonyesho, kwa hiyo kila mtu ana sweta na soksi. Kwa usiku wa mavazi rasmi wazee wana buibui zao za harusini zenye nakshi, na sisi tuna magauni marefu. Viatu ni jozi mbili tu kwa kila mtu, kimoja cha kutembea chenye soli isiyoteleza, kingine cha kuvua na kuvaa haraka.

Vyumba vya meli ni vidogo lakini kuta zake ni za chuma, kwa hiyo tumenunua kulabu za sumaku, za kutundika mabuibui, mikoba na fimbo ya Mama ukutani. Soketi za Singapore na Malaysia ni zile zile za miguu mitatu bapa kama zetu, adapta haihitajiki nchi kavu. Ndani ya meli ni habari nyingine: nyingi zina za Kimarekani na za Kizungu za matundu mawili ya duara. Adapta mbili zinatosha. Ile soketi ndefu ya kurefusha umeme mara nyingi hukataliwa, tumeiacha. Pawabenki ni ya begi la mkononi tu, haiingii kwenye sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege.

Sasa nifike kwenye begi la mkononi, maana hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko sanduku.

Siku ya kupanda meli, wapagazi wanachukua masanduku nje ya kituo, nawe hulioni lako mpaka jioni mbele ya mlango wa chumba, pengine baada ya chakula cha usiku. Muda wote huo unaishi na ulichoshika. Kwa hiyo begi la kila mmoja lina pasipoti, kitabu cha njano, dawa, miwani, dira ya kibla, mswala mwembamba, nguo ya kubadili, chaja, na maji ya kununua baada ya ukaguzi. Vitu vya majimaji viko kwenye chupa zisizozidi mililita 100 kwa ajili ya ndege. Lebo za masanduku nimezichapisha, nimezikunja, nimezitia kwenye plastiki na kuzibana kwa stepla kwenye mshikio, kwa sababu karatasi tupu hukatika ikilowa, na Januari Singapore hunyesha. Juu ya kila sanduku tumefunga kitambaa cha leso moja, mistari myekundu na myeupe, litambulike kati ya masanduku meusi elfu.

Katika safari nyingi za Asia wahudumu wa meli huzishika pasipoti za abiria ili maofisa wa uhamiaji wazigonge kwa pamoja. Shangazi alishtuka aliposikia. Nimemweleza kwamba anapewa stakabadhi na anarudishiwa, na kila mzee ana nakala yake ya karatasi shingoni ndani ya kipochi, yenye nambari ya chumba na simu yangu.

Usiku wa mwisho hali ni hiyo hiyo kinyume chake. Masanduku huwekwa nje ya mlango usiku, yashushwe kabla ya abiria. Nguo ya asubuhi ibaki nje ya sanduku, pamoja na viatu. Nimeandika hilo kwa herufi kubwa ndani ya kifuniko cha kila sanduku.

Januari 2026, mwanzo: bandari

Nimetengeneza kadi ngumu kwa kila mzee. Ratiba ya meli imeandikwa kwa saa 24, na Mama akiona 17:00 haimwambii kitu, kwa hiyo kadi inasema: meli inaondoka saa kumi na moja jioni, sisi tunarudi saa tisa alasiri. Saa mbili za kujihifadhi sizipunguzi kwa ajili ya duka lolote. Meli humngoja aliyekwenda na basi la ziara iliyoandaliwa na meli yenyewe. Aliyekwenda na teksi yake hangojwi.

Port Klang ilinisumbua kidogo. Kila mtu anasema uende Kuala Lumpur ukapigwe picha chini ya minara ya Petronas yenye mita 452. Ni zaidi ya saa moja barabarani kwenda, na foleni ya kurudi haitabiriki. Mapango ya Batu yana ngazi 272, hayo hayafikiriki kwa Mama. Nimechagua Shah Alam, iliyo njiani, ambako kuna Msikiti wa Sultan Salahuddin Abdul Aziz, ule wa kuba la buluu, uliokamilika 1988, wenye minara minne ya mita 142. Wazee wataswali adhuhuri hapo kwa raha, watapumzika kwenye kivuli, na tutakuwa tumerudi melini mapema. Mama alipoona picha yake hakuuliza tena habari za minara mingine.

Penang ndiyo siku yenyewe. Meli inafunga Swettenham Pier, na ukitoka nje ya lango uko George Town, mji uliowekwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Ngome ya Cornwallis iko hatua chache tu. Mpango ni kuchukua riksho mbili za kukanyaga kwa miguu, wazee kwenye moja na sisi kwenye nyingine, mpaka Msikiti wa Kapitan Keling, ulioanzishwa na wafanyabiashara Waislamu wa Kihindi mwaka 1801. Halafu chakula. Nasi kandar ni wali na mchuzi wa aina nyingi, kuku, samaki, bamia, vyote vikimwagiwa juu ya sahani moja. Zamani wauzaji wake walizunguka na vyungu kwenye mzega begani. Nina hakika wazee wetu watakula hapo kuliko mahali popote melini. Pilipili yake ni ya kweli, kwa hiyo dawa ya tumbo iko mkobani.

Kibla nimekishughulikia mapema. Mombasa tunaelekea kaskazini moja kwa moja, na Mama ameswali hivyo maisha yake yote. Kule kibla kiko magharibi, kikiinamia kaskazini kidogo. Tena meli inageuka. Ikipanda Mlango wa Malaka kuelekea Penang, omo yake inaelekea kaskazini-magharibi, basi kibla kitakuwa karibu na omo, kushoto kidogo. Ikirudi, kitakuwa upande wa tezi. Runinga ya chumbani huonyesha ramani na mwelekeo wa meli, na mdogo wangu amewafundisha kuisoma pamoja na dira.

Januari 2026, wiki ya safari

Kadi za kuingilia Singapore tumejaza kwenye tovuti ya serikali yao. Inafunguliwa siku tatu kabla ya kufika, si mapema zaidi, na ni bure. Zipo tovuti nyingine zinazofanana nayo zinazodai ada, msilipe. Kadi ya Malaysia nayo tumejaza kama kampuni ya meli ilivyoelekeza. Kwa kuwa meli inaturudisha Singapore, tutaijaza ya Singapore upya kabla ya kushuka, na hilo nitalifanya tukiwa Penang kwa intaneti ya nchi kavu, pale mezani tukisubiri chakula.

Mizani: Mama kilo 14, Shangazi 16, mimi 13, mdogo wangu 17, wote chini ya kilo 23 zinazoruhusiwa. Nafasi iliyobaki ni ya kurudi, maana Shangazi ana orodha ya vitambaa kutoka Arab Street, na binti zake Tanga wanaongeza kila wakipiga simu.

Dawa ya kichefuchefu Shangazi ameshaijaribu nyumbani kwa ushauri wa daktari, haikumlewesha. Tangawizi kavu iko kwenye mkoba wake, kwenye pakiti ya dukani iliyofungwa. Simu za wazee zimewekwa namba zetu sote, ya hoteli, ya bima na ya wakala wa bandari. Faili la karatasi liko kwangu, nakala zake ziko kwenye simu ya mdogo wangu, na nyingine nimemtumia kaka Muscat. Gari la kwenda uwanja wa ndege limeagizwa saa tisa usiku, kabla ya alfajiri, na dereva ni yule anayejua kumsubiri Mama ashuke ngazi taratibu.